Swali moja, walimu sita: shajara ya kuandaa mjadala wa zama za kati kwa Kiswahili

Mradi huu unatengeneza seti ya kadi na utaratibu wa kikao cha siku mbili. Kwa seti hiyo kikundi kidogo kinaweza kuupitia kwa Kiswahili ugomvi mmoja wa wanazuoni wa karne ya 11 hadi ya 13: je, ulimwengu una mwanzo, au umekuwapo siku zote? Mshindi hatafutwi. Kinachotafutwa ni namna watu waliomsoma Aristotle yuleyule, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, walivyoishika hoja moja kila mmoja kwa mkono wake. Walimu wetu ni Waislamu wawili, Ghazali na Ibn Rushd, Myahudi mmoja, Maimonides, na Wakristo watatu wa Paris: Bonaventura, Thomas Aquinas na Boethius wa Dacia, aliyeongezwa mwishoni. Anayetaka kunakili kazi hii asome kwanza palipokwama, maana ndipo pesa na muda vilipopotea.

11 Januari 2025: Swali limechaguliwa

Masharti yalikuwa mawili. Swali liwe limejibiwa na Waislamu, Mayahudi na Wakristo, na liwe na angalau hoja moja fupi inayopita mikononi mwa wote. Swali la kama akili ni moja kwa watu wote lilipimwa likaachwa. Kulieleza tu kunakula kikao kizima kabla hajapatikana wa kupinga. Mwanzo wa ulimwengu umefaulu kwa sababu ya hoja ya mizunguko ya sayari.

Hoja yenyewe ni hii. Kwa hesabu ya wakale, jua huzunguka mara moja kwa mwaka, Mshtarii (Jupita) kwa miaka 12, Zohali (Saturn) kwa miaka 30. Kama ulimwengu hauna mwanzo, jua limeshazunguka mara zisizo na idadi, na Zohali vilevile. Lakini kwa kila mzunguko mmoja wa Zohali, jua huzunguka mara 30. Basi kisicho na mwisho kimezidiwa mara 30 na kisicho na mwisho kingine, jambo ambalo halikubaliki. Kwa hiyo mizunguko ilianza. Ilishaandikwa na Yohane Philoponus wa Alexandria, mwanafalsafa Mkristo, katika karne ya 6, kwa hiyo hakuna hata mmoja kati ya walimu wetu aliyeibuni.

1 Februari: Jedwali la kwanza limevunjika

Jedwali lilianza na safu mbili, "una mwanzo" na "hauna mwanzo". Ghazali, Maimonides, Bonaventura na Thomas Aquinas wakarundikana safu ya kwanza, Ibn Rushd akabaki peke yake ya pili. Kwa mpangilio huo hakuna cha kujadili, na uwongo umeshaingia. Bonaventura na Thomas walipokelewa pamoja katika jumuiya ya walimu wa Chuo Kikuu cha Paris mwaka 1257, wote wanaamini ulimwengu ulianza, na bado wa kwanza anasema akili inaweza kulithibitisha hilo na wa pili anasema haiwezi. Hata safu ya Ibn Rushd haikusimama. Katika kitabu chake Fasl al-Maqal anasema ulimwengu si wa kale kwa maana kamili wala si mpya kwa maana kamili, na kwamba tofauti ya pande mbili hapo imekaribia kuwa ya majina tu.

Safu zimebadilishwa kuwa maswali matatu: mwalimu anaanzia wapi, hoja ya mizunguko anaifanyia nini, ni kitu gani kikipatikana ataridhika kwamba kazi imekwisha. Swali la tatu ndilo linalowatenganisha kuliko yote. Hitimisho limehamishiwa nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo.

22 Februari: Kadi za Ghazali, mara mbili

Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111) alifundisha chuo cha Nizamiyya cha Baghdad kuanzia 1091 hadi 1095, na Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, ni ya mwisho wa kipindi hicho. Ina masuala 20. Katika matatu anawahukumu wanafalsafa kwa ukafiri: ulimwengu kutokuwa na mwanzo, Mungu kutojua mambo mojamoja, na kukana ufufuo wa miili. La kwanza ndilo letu.

Kadi za awali zilikuwa na kichwa "Msimamo wake" na chini yake "Hoja zake". Hazikufanya kazi. Kila aliyezisoma aliiona hoja ya mizunguko kama uthibitisho wa Ghazali kwamba ulimwengu ulianza, akaipinga kama uthibitisho, na mjadala ukaenda kombo. Sababu iko katika utangulizi wa kitabu chenyewe: Ghazali anasema haingii kwa wanafalsafa ila kama mtu anayedai uthibitisho na kukanusha, hajengi itikadi yake humo. Anajipa hata ruhusa ya kuazima silaha za Mu'tazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu, na makundi mengine ambayo kwingine anayapinga.

Ukifuata mpangilio wake, mambo yanakaa sawa. Wanafalsafa wanasema haiwezekani utashi wa milele uzae jambo linaloanza baadaye, kwa sababu hakuna kinachoutofautisha wakati mmoja na mwingine. Ghazali anauliza: mnajuaje kwamba haiwezekani? Kwa kipimo cha mantiki? Kileteni. Kwa ujuzi wa lazima ambao kila mwenye akili anao? Basi mbona wapinzani wenu, ambao ni wengi mno, hawana ujuzi huo? Hapo ndipo anapoitoa mizunguko: na wao wakiwaambia kwamba umilele hauwezekani kwa sababu ya Zohali na jua, mtawajibu nini? Halafu anaongeza pigo jingine: idadi ya mizunguko hiyo ni shufwa (inagawanyika kwa mbili) au witiri (haigawanyiki)? Ni yote mawili? Si lolote? Kazi ya hoja hapa ni kumnyima mpinzani haki ya kusema "ni dhahiri".

Kadi zilizochapwa upya zina kichwa "Anadai nini kwa mpinzani" na "Mpinzani akikataa, atapoteza nini". Ni kadi 9. Kadi ya tende mbili imewekwa peke yake kwa sababu ndiyo inayoeleweka upesi kuliko zote: mtu mwenye njaa mbele ya tende mbili zilizolingana kwa kila kitu, hawezi kuchukua zote, atachukua moja. Basi utashi unaweza kutofautisha kati ya vilivyo sawa, na swali "kwa nini wakati huu na si mwingine" limeanguka.

Tahadhari moja kwa atakayenakili: katika kitabu chake kingine cha itikadi, al-Iqtisad fi al-I'tiqad, mizunguko hiyohiyo imo katika uthibitisho halisi. Usichanganye vitabu hivyo viwili kwenye kadi moja. Aina ya kitabu ndiyo inayokuambia hoja inafanya kazi gani, na wengi wa Pwani wanaomfahamu Imamu Ghazali kwa Ihya hukutana hapa na mtu mkali wasiyemtarajia.

8 Machi: Mtego wa "Algazel"

Ramadhani imeanza, kwa hiyo ni kazi ya mezani tu. Katika kukagua kadi za Thomas limejitokeza jambo lililokaribia kuharibu seti nzima. Kwenye Summa, kitabu chake kikuu cha theolojia, sehemu ya kwanza, swali la 46, makala ya 2, jibu la nane, Thomas anataja Metafizikia ya "Algazel" (ndilo jina la Ghazali kwa Kilatini) kwa rai kwamba roho zisizo na idadi zinaweza kuwapo kwa pamoja. Katika Tahafut, Ghazali anafanya kinyume: roho zisizo na idadi ni mwiba anaowachoma nao wanafalsafa.

Thomas hakusoma vibaya. Kabla ya Tahafut, Ghazali aliandika Maqasid al-Falasifa, kitabu kinachoeleza falsafa ya wanafalsafa wa Kiislamu akina Ibn Sina bila kuipinga, ili ibomolewe baadaye. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, na Walatini wengi waliokisoma wakamchukulia mwandishi wake kuwa mmoja wa wanafalsafa aliokuja kuwapinga. Tahafut yenyewe hawakuwa nayo. Waliipata mwaka 1328, na hata hapo ni kwa kupitia nukuu zilizomo ndani ya kitabu cha Ibn Rushd kilichotafsiriwa na Calonymos ben Calonymos.

Marekebisho: kila kadi ya Paris inayotaja "Algazel" ina mstari mwekundu pembeni na neno "Maqasid". Pia mishale iliyochorwa kutoka Ghazali kwenda Bonaventura imefutwa. Kufanana kwa hoja hakutoshi kuchora mshale.

29 Machi: Ibn Rushd na maharage

Ili hoja ya mizunguko ishikike, ziliwekwa mezani nafaka za aina tatu kwa kipindi cha miaka 60: maharage 60 kwa jua, choroko 5 kwa Mshtarii, kunde 2 kwa Zohali. Ongeza miaka 60 mingine, inakuwa 120, 10 na 4. Uwiano haubadiliki. Zana ilionekana nzuri, mpaka ilipotakiwa kuonyesha kisicho na mwisho. Kila rundo unaloweza kumwaga mezani lina idadi, kwa hiyo zana inathibitisha jambo ambalo hakuna anayelibishia.

Tulitaka kuitupa. Imebaki, kwa sababu kasoro yake ndiyo jibu la Ibn Rushd. Ibn Rushd (1126–1198), kadhi wa Seville kisha wa Cordoba, anamjibu Ghazali katika Tahafut al-Tahafut kifungu kwa kifungu: ananukuu, kisha anajibu. Kuhusu mizunguko anasema uwiano upo kati ya sehemu na sehemu, kila moja ikiwa na mipaka yake. Kisicho na mwanzo hakina jumla, na pasipo na jumla mbili hapana uwiano wa jumla kwa jumla. Shufwa na witiri navyo ni sifa za idadi ya vitu vilivyopo, nje au akilini. Mizunguko iliyopita haipo tena, na akili haiwezi kuikusanya ila kwa kiasi chenye mpaka. Sasa maharage yanamwagwa wakati wa hoja ya Ghazali, na mjibu wa upande wa Ibn Rushd anaruhusiwa kuyafagia mezani kwa mkono.

Kwenye tende yuko makini vilevile: mwenye njaa hachagui kati ya tende mbili, anachagua kula badala ya kutokula, na tende yoyote inatosha. Kadi yake inalazwa juu ya ile ya Ghazali.

Kilichotushinda kwa muda ni kuonyesha kipimo chake. Ibn Rushd hasemi tu kwamba hoja ni batili, anaipa daraja: hii ni burhani (uthibitisho wa uhakika), hii ni ya kijadali (inasimama juu ya yanayokubaliwa na wengi), hii ni ya balagha (ya kushawishi tu). Hoja ya kijadali inaweza hata kufikia ukweli na bado isihesabiwe kuwa elimu. Rangi tatu pembeni mwa kadi zimetosha. Maelezo marefu ya madaraja yalilaza watu. Jumla ni kadi 7.

12 Aprili: Maimonides

Hatua nyepesi. Kadi 6 kutoka Mwongozo wa Waliotatanika, uliokamilika karibu na mwaka 1190, sehemu ya pili, sura ya 13 hadi 25. Musa bin Maimun, ndiye Maimonides, anawapinga watu wa kalam, yaani wanatheolojia wa Kiislamu wanaotetea itikadi kwa hoja, kwa kujenga juu ya misingi 12 ambayo haikuchunguzwa, kisha anawageukia wafuasi wa Aristotle na kusema mwalimu wao mwenyewe hakudai kuwa na burhani juu ya umilele. Kadi inayosisimua ni ya mtoto aliyelelewa kisiwani bila kumwona mwanamke: aambiwe kwamba binadamu hukaa tumboni miezi bila kula kwa mdomo wala kupumua, atathibitisha kwa hoja safi kwamba haiwezekani. Ndivyo afanyavyo anayepima chanzo cha ulimwengu kwa sheria za ulimwengu uliokwisha kuwapo.

Kuna ujanja wake mmoja unaopotea usipoandikwa wazi. Anapothibitisha kuwapo kwa Mungu, anakubali kwa muda kwamba ulimwengu ni wa milele, ili uthibitisho usimame upande wowote utakaoshinda.

3 Mei: Paris, na makala inayosomwa kutoka mkiani

Bonaventura ana kadi 6, moja kwa kila hoja katika ufafanuzi wake wa kitabu cha pili cha Sentensi, matini ya kufundishia theolojia vyuoni wakati huo. Mizunguko imo, ila ni mwezi na jua: miezi 12 kwa mwaka mmoja. Kwake ni uthibitisho kamili. Kusema ulimwengu umetoka katika utupu na papo hapo ni wa milele ni kujipinga mwenyewe.

Thomas alikula muda mwingi kuliko wote watano. Makala yake ina hoja 8 zinazoanza na "videtur", yaani inaonekana kwamba, kisha "sed contra" moja, yaani kauli ya upande wa pili, kisha "respondeo", yaani jibu lake mwenyewe, kisha majibu 8 kwa zile hoja. Wasomaji wapya waliosoma kutoka juu kwenda chini walidhani zile 8 ni rai zake, na baadhi wakaondoka wakiwa na hakika kwamba Thomas anathibitisha mwanzo wa ulimwengu kwa akili. Kwa kweli ndizo anazokuja kuzibomoa, na baadhi ni za aina ya zile za Bonaventura. Kubadilisha ukubwa wa herufi hakukusaidia. Kilichosaidia ni kubadilisha mpangilio wa kusoma: anza na respondeo, kisha oanisha hoja ya kwanza na jibu la kwanza, ya pili na la pili, mpaka mwisho. Kadi 18 zimechapwa upya zikiwa na namba kubwa pembeni, hoja kwa nyeusi, jibu kwa buluu.

Ya sita ndiyo ya kuanzia. Hoja: kama ulimwengu hauna mwanzo, siku zisizo na idadi zimepita kabla ya leo, na kisicho na mwisho hakipitiki. Jibu: kupita ni kutoka mahali hadi mahali, taja siku yoyote iliyopita, toka hiyo hadi leo siku zinahesabika. Ya saba ina fundi na nyundo: fundi anaweza kutumia nyundo nyingi moja baada ya nyingine kwa sababu zinavunjika, na wingi huo si wa lazima kwa kazi yake. Ndivyo mtu anavyomzaa mtu. Mnyororo wa sababu zinazotegemeana kwa wakati mmoja ni habari nyingine, na huo hauwezi kukosa mwisho.

Halafu ile sentensi ya kwenye respondeo ambayo imeandikwa nzima kwenye kadi: asijitokeze mtu kudai kuthibitisha mambo ya imani kwa hoja zisizolazimisha, akawapa wasioamini sababu ya kucheka. Ukali wa Thomas ni wa kimyakimya, lakini upo.

31 Mei: Kikao cha majaribio

Utaratibu ulifuata disputatio, mjadala rasmi wa vyuo vya zama za kati: siku ya kwanza wapinzani wanarusha hoja na mjibu anajibu, mwalimu akisimamia, siku ya pili mwalimu peke yake anatoa uamuzi wake, determinatio, na kujibu hoja moja baada ya nyingine. Viti: mwalimu, mjibu, wapinzani watatu, mwandishi. Wengine ni wasikilizaji.

Nusu ya kwanza ilikwenda kama mdahalo wa sekondari. Waliokaa walizoea upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga, dakika tatu kila mmoja, makofi, kisha kura. Wapinzani wakatetea upande, hoja zikapita bila kujibiwa, na mmoja akaomba kura ipigwe. Katika disputatio mpinzani halazimiki kuamini anachosema, na hoja moja dhaifu iliyoachwa bila jibu ni deni la mjibu.

Marekebisho yaliyofanya kazi nusu ya pili:

Saa iliondolewa. Hoja inawekwa mezani ikiwa kadi, na haiondoki mpaka jibu liwekwe juu yake. Mjibu haruhusiwi kujibu kabla hajairudia hoja kwa maneno yake na mpinzani akasema "ndiyo, hiyo". Kisha kwa kila hatua ya hoja anatamka moja ya maneno matatu: nakubali, nakataa, natofautisha. Akisema "natofautisha", lazima ataje maana mbili na aonyeshe hoja inashika kwa ipi. Hapo kasi ilipungua sana na ubora ukapanda. Hoja ya mizunguko peke yake ilichukua karibu saa nzima.

Kwa upande wa Ghazali fomu hii haikai vizuri, kwa kuwa yeye anauliza tu. Amepewa kiti cha mwenye kudai: haweki hitimisho, na mjibu hawezi kumuuliza "wewe unasemaje?" Baadhi waliona ni upendeleo. Nadhani ni sahihi, kwa sababu ndivyo kitabu chake kinavyojitangaza, na anayekerwa nacho anakerwa kama Ibn Rushd alivyokerwa.

14 Juni: Mwalimu wa sita, na gharama

Ameongezwa Boethius wa Dacia, mwalimu wa kitivo cha sanaa Paris, ambako vitabu vya Aristotle vilikuwa mtaala rasmi tangu 19 Machi 1255. Kadi 5. Rai yake: mwanaelimu wa maumbile, kwa misingi ya elimu yake, hana budi kukana mwendo wa kwanza, kwa kuwa katika maumbile kila mwendo hutanguliwa na mwendo, lakini muumini anasema kweli kwamba ulianza, kwa sababu iliyo juu ya maumbile. Hakuna mgongano, maana wa kwanza amesema kwa masharti. Tarehe 7 Machi 1277 Askofu Etienne Tempier alilaani kauli 219, na utangulizi wake unawashutumu watu wanaosema kana kwamba kuna kweli mbili zinazopingana.

Katika jaribio fupi, kadi ya kwanza ya Boethius ilisomwa bila masharti yake na kila mtu akamshitaki kwa kosa hilohilo. Maneno "kwa misingi ya elimu ya maumbile" sasa yamechapwa juu ya kila kadi yake, na mpinzani akiyaruka mwandishi anagonga meza.

Gharama kwa bei za steshenari ya mtaani, kwa shilingi za Tanzania: manila A4 karatasi 14 (2,800), kuzichapa kwa rangi (7,000), kurudia kadi za Ghazali na Thomas, karatasi 8, manila na kuchapa pamoja (5,600), nakala 60 za matini za kusomea (6,000), nafaka (2,000), maka peni mbili (2,000). Jumla 25,400. Zaidi kidogo ya moja ya tano imekwenda kwenye kurudia, na ingeokolewa kwa kuchapa nyeusi tupu kwanza, kadi tatu za kila mwalimu, kisha kuzijaribu na watu wawili wasiojua mada.

Kadi zote ni 51, kila karatasi imekatwa mara nne. Zihifadhiwe kwa kufuata hoja, usizipange kwa majina: mizunguko pamoja, utashi na wakati pamoja, roho zisizo na idadi pamoja. Zikipangwa kwa majina, watu husoma mwalimu mmoja mpaka mwisho na kadi za wengine hazifunguliwi.